Raba nyepesi yenye sponji nene: ikague hivi kabla hujatoa hela

Kila Februari inapokaribia, simu za studio hubadilika. Watu wanaacha kuomba nyimbo, wanaanza kuuliza viatu. Hapa Moshi huo ni msimu wa Kilimanjaro Marathon, na mtu ambaye mwaka mzima hajakimbia hata kuwahi daladala anajikuta amejiandikisha kilomita 21. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, hamasa imepanda zaidi. Swali huwa ni lile lile: "Mtangazaji, nimeona raba ina soli nene kama mkate, lakini ukiishika ni nyepesi. Niichukue au niiache?"

Dakika mbili za hewani hazitoshi kulijibu, ndiyo maana nimeliandika hapa. Naongelea raba ya kila siku ya barabarani: nyepesi, yenye sponji ya kutosha, ambayo unaivaa Jumanne kwa kilomita sita na Jumamosi kwa kilomita ishirini. Viatu vya mashindano vyenye bamba la kaboni ndani ni habari nyingine, nitavigusa mbele kidogo. Mfano wangu mkuu utakuwa Hoka Clifton. Nimeuchagua kwa sababu mbili: ndicho kiatu kilichoipa aina hii umaarufu, na siku hizi hakikosekani kwenye mitumba, cha kweli na cha feki.

Soli nene ilitoka wapi

Zamani ilikuwa lazima uchague. Ukitaka raba laini, unabeba uzito. Ukitaka nyepesi, unakanyaga lami kama uko peku. Sponji inayoitwa EVA, ambayo kwa lugha rahisi ni plastiki iliyojaa vipovu vidogo vya hewa, iliingia kwenye raba za kukimbilia miaka ya 1970 na kupunguza uzito sana, lakini bado viwanda viliogopa kuiweka nene. Nene ilikuwa inayumba.

Hoka ilianzishwa Ufaransa mwaka 2009 na Jean-Luc Diard na Nicolas Mermoud. Walikuwa watu wa milimani, walitaka kiatu cha kushukia mlima kwa kasi bila magoti kulia. Wakaweka sponji nyingi, wakaupanua mguu wa soli ili usiyumbe, wakainua ncha ya mbele na kisigino kidogo ili kiatu kijiviringishe kama mguu wa kiti cha kubembea. Mwanzoni kilionekana kituko. Mwaka 2014 ikatoka Clifton ya kwanza, ya barabarani, na hapo wakimbiaji wa kawaida wakaelewa kwamba unene na wepesi vinaweza kukaa pamoja.

Toleo la 9, lililotoka mwaka 2023, lina uzito wa gramu 248 hivi kwa saizi ya 9 ya wanaume ya Marekani. Kwa vipimo vya kampuni yenyewe, soli ina milimita 32 kisiginoni na 27 mbele. Ili upate picha: jozi mbili za raba hizo, yaani viatu vinne, ndiyo kilo moja ya sukari.

Uzito una kazi gani hasa

Kipimo kinachotajwa sana kwenye utafiti wa mbio ni hiki: ukiongeza gramu 100 kwenye kila kiatu, mwili unatumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 1. Inaonekana ndogo. Sasa piga hesabu. Mtu anayemaliza kilomita 21 kwa saa mbili, akipiga hatua 170 kwa dakika, amepiga hatua 20,400. Kila mguu umenyanyuka mara 10,200. Gramu 100 za ziada kwenye mguu mmoja, mara 10,200, ni zaidi ya tani moja uliyoinyanyua asubuhi moja bila malipo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Asilimia 1 ya saa mbili ni dakika moja na kidogo. Kwa anayewania zawadi, dakika moja ni maisha. Kwa mimi na wewe, dakika moja tunaipoteza kwenye meza ya maji. Kwa hiyo nikiulizwa nianze na uzito au nianze na jinsi kiatu kinavyoukaa mguu, naanza na mguu. Uzito unakuja wa tatu.

Lakini kupima ni rahisi, basi pima. Mimi niliipeleka yangu dukani.

"Mangi, naomba unipimie hiki."

Akakiangalia. "Kiatu? Haya. Unataka robo au nusu?"

Mizani ya digitali ilisoma gramu 271. Navaa namba 44, na kiatu kikubwa lazima kizidi kile cha kwenye tangazo, hilo lisikutie wasiwasi. Kiatu kinachodaiwa kuwa chepesi kikisoma gramu 330 au 350 kwa namba 42, basi ama umebandikiwa jina, ama ndani kumejazwa kitu kingine. Feki nyingi zinaumbuka hapo hapo kwenye mizani, kwa sababu sponji nyepesi ndiyo sehemu ya gharama, na ndiyo ya kwanza kuibiwa.

Sponji: sehemu yenye maneno mengi

Ukikimbia, kila unapotua mguu mmoja unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mwenye kilo 70 anatua na kilo 140 au zaidi, mara elfu kadhaa. Sponji haiifuti nguvu hiyo. Inachofanya ni kuichelewesha kidogo na kuisambaza kwenye unyayo, halafu inarudisha sehemu yake ukiwa unaondoka. Hilo la mwisho ndilo watu wanaliita kudunda.

Je, sponji nyingi inazuia maumivu? Hapa utafiti hauko upande mmoja, na nafurahi kwamba ni hivyo, maana wauzaji wangetumaliza. Mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kawaida 848 waliopewa raba zinazofanana kwa macho, nusu zikiwa na soli laini na nusu ngumu, bila wenyewe kujua wamepewa zipi. Waliovaa ngumu waliumia zaidi. Cha kushangaza, faida ya ulaini ilionekana kwa watu wepesi wa mwili. Kwa wazito haikuonekana. Wengi tungedhani kinyume chake.

Halafu kuna watafiti wa Finland, mwaka 2018, waliopima wanaume 12 wakikimbia na raba ya kawaida na raba ya soli nene sana. Kwa kasi ya kilomita 14.5 kwa saa, mshindo wa kutua ulikuwa mkubwa zaidi kwenye soli nene. Maelezo yao ni kwamba mguu ukihisi kilicho chini ni laini, wenyewe unakakamaa. Ni kama ukirukia godoro: huyakunji magoti kama unavyoyakunja ukirukia sakafu.

Mimi ninachochukua kutoka kwenye hayo mawili ni kwamba sponji ni ya kukufanya ukimbie ukiwa huru, si dawa ya goti. Na kuna laini nzuri na laini mbaya. Laini nzuri inabonyea halafu inakusukuma. Laini mbaya inabonyea hadi mwisho, unaanza kuhisi barabara chini yake, na kifundo cha mguu kinacheza huku na huku. Mwenye mwili mkubwa awe makini zaidi, kwa sababu sponji inayomtosha mwenye kilo 55 inaweza kulala kabisa chini ya mwenye kilo 95.

Kimelala hiki

Nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua raba ya mtumba, jina kubwa, kampuni siitaji. Juu ilikuwa safi, neti nzima, soli imesuguliwa hadi inang'aa. Wiki ya tatu nikaanza kuumwa ugoko wa kulia, maumivu ya kuchoma kwa ndani, hata kukanyaga breki ya gari ilikuwa shida. Nikapumzika, nikarudi, yakarudi. Nilijilaumu kwa mazoezi, nikalaumu umri, nikalaumu lami. Kiatu sikukifikiria kabisa.

Siku moja nilipeleka viatu vya kazini kwa fundi, mzee anayekaa chini ya mti karibu na stendi, na ile raba ilikuwa kwenye mfuko huo huo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Lete."

Aliikamata raba, akabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Akanipa. "Kimelala hiki. Sponji ikilala haiamki."

Nilikosa mbio za mwaka ule. Tangu siku hiyo nakagua hivi, na ndivyo ninavyokushauri ukague ukiwa umesimama mbele ya meza ya mitumba, muuzaji akikuharakisha.

Kwanza ubavu wa soli. Tazama sponji kwa pembeni, chini ya kisigino na chini ya kitako cha dole gumba. Sponji hai ina uso laini. Iliyochoka ina mikunjo mingi midogo ya kulala, kama ngozi ya kiwiko. Mkunjo mmoja mmoja si neno. Mikunjo iliyojazana sehemu moja, wakati upande wa pili wa kiatu hicho hicho hauna, inakuambia mwenye kiatu alikuwa analalia upande huo kwa miezi. Usidanganywe na weupe: soli husuguliwa kwa brashi, na nyingine hupakwa rangi kabisa. Kwangua kidogo kwa ukucha uone.

Pili, bonyeza. Ingiza mkono ndani, toa soli ya ndani ya kulegea, ubonyeze kwa gumba pale kisigino kinapokaa, kisha ubonyeze katikati ya unyayo ambapo watu hawatui kwa nguvu. Kama kisiginoni ni pagumu zaidi kuliko katikati, sponji imekwisha. Tofauti hiyo ndiyo kipimo, kwa sababu kila kampuni ina ulaini wake, na kidole chako hakiwezi kukumbuka kiatu kipya kilikuwaje.

Tatu, viweke vyote viwili mezani, meza iliyonyooka, uviangalie kwa nyuma. Visimame wima. Kimoja kikilala ndani au nje, acha. Huo ndio mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na utaurithi.

Nne, gundi. Vuta kwa upole ncha ya mbele, mpira unapokutana na sponji. Kiatu kinaweza kuwa hakijavaliwa hata mara mbili lakini kimekaa ghalani miaka. Gundi imekauka, na zile soli za zamani za poliyurethani humegeka kama keki hata bila kukimbiwa. Raba nyingi zina lebo ndani ya ulimi yenye tarehe ya kutengenezwa. Isome.

Mpira wa chini huangaliwa mwisho, ingawa wengi ndio wanaoanza nao. Mpira mzima hauthibitishi sponji nzima. Kinyume chake pia ni kweli: Clifton, kwa mfano, haijafunikwa mpira chini kote. Ili kupunguza uzito wameweka vipande vya mpira sehemu zinazosagika, na kwingine sponji inagusa barabara moja kwa moja. Kwenye lami hakuna shida. Kwenye barabara zetu za moramu, zenye vijiwe vikali, sponji iliyo wazi huchanika mapema sana. Anayekimbia zaidi kwenye vumbi na mawe kuliko kwenye lami, kwa maoni yangu hii siyo raba yake, hata akipewa bure. Atafute yenye mpira uliojaa, akubali gramu 40 za ziada.

Kisigino na kidole

Kuna kipimo ambacho muuzaji hatakutajia: tofauti ya urefu kati ya kisigino na mbele. Raba za mtindo wa zamani huwa na milimita 10 hadi 12. Clifton hadi toleo la 9 ilikuwa na 5. Toleo la 10, la mwaka 2025, likapandishwa hadi 8. Hakuna namba iliyo bora kwa wote. Kisigino kikishuka, kazi inahamia kwenye vigimbi na ile kano nene ya nyuma ya kisigino. Kikipanda, goti linachukua zaidi. Shida inatokea unapobadili ghafla. Mtu aliyezoea raba ya milimita 12 akavaa ya 4 na siku hiyo hiyo akapanda kuelekea Mweka, kesho yake atashuka ngazi kinyumenyume. Vaa kiatu kipya mara moja au mbili kwa wiki, umbali mfupi, huku cha zamani kikiendelea na kazi, kwa wiki tatu au nne.

Kuhusu saizi, achana na mazoea ya "mimi huwa navaa 42". Namba 42 ya kampuni moja ni 41 ya nyingine. Kwenye lebo tafuta urefu kwa sentimita. Simama juu ya karatasi, jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, upime kwa rula. Kiatu kizidi hapo kwa upana wa kidole gumba. Kwenye mteremko mguu husogea mbele, na vidole vikigonga ukuta wa kiatu kwa kilomita kumi, kucha zinakuwa nyeusi na baadaye zinang'oka. Nimewaona watu wazima wakivua raba pale baada ya mbio na kuanza kuhesabu kucha.

Upana ni kilio chetu wengi. Tuliokua tukikimbia peku, mbele ya unyayo wetu pametanuka, na raba nyingi zimechongwa kwa miguu iliyolelewa ndani ya viatu. Toa soli ya ndani, isimamie. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo zake, kiatu ni chembamba, na usitegemee "kitatanuka". Neti ya juu hutanuka kidogo, soli haitanuki. Malengelenge yataanzia hapo hapo.

Kisigino kishikwe bila kupanda na kushuka. Kama kinacheza kidogo na mengine yote yako sawa, jaribu kutumia tundu la mwisho la kamba lililo nyuma kidogo karibu na kifundo, lile ambalo karibu kila mtu huliacha wazi. Limewekwa kwa kazi hiyo.

Benno Nigg, mtafiti wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Calgary, aliwahi kupendekeza pamoja na wenzake kwamba katika kuchagua raba, mkimbiaji afuate starehe anayoihisi, kwa sababu mwili una namna yake ya kuchagua kiatu kinachouacha mguu uende njia yake ya asili. Nakubaliana nalo, kwa sharti kwamba starehe hiyo uihisi ukikimbia. Kila raba nene ni tamu ukiwa umesimama dukani. Omba kukimbia hata mita mia moja, nenda na rudi: mara moja polepole, mara moja kwa kasi, na mara moja ukikata kona. Kona ndiyo inayofichua kiatu kinachoyumba. Muuzaji akikataa hata hizo mita mia, weka kiatu cha pili rehani mkononi mwake.

Bei, na wale wa kaboni

Clifton 9 ilipotoka ilikuwa inauzwa dola 145 Marekani, kabla ya usafiri na ushuru wa kuileta huku. Raba ya aina hii kwa kawaida hukadiriwa kudumu kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 30 kwa wiki ataimaliza kati ya miezi minne na sita. Kwa mtumba hesabu hiyo ina tundu, kwa kuwa hujui kilomita ngapi zimeshaliwa. Ndiyo maana kwangu mtumba ulio nusu ya bei ya mpya si nafuu. Uwe robo, na uwe umepita kwenye kidole gumba.

Kuhusu viatu vya kaboni, vile ambavyo Shirikisho la Riadha la Dunia limeviwekea kikomo cha soli ya milimita 40 kwenye mbio za barabarani: vinasaidia kweli, lakini vimetengenezwa kwa kasi kubwa na kwa maisha mafupi. Mwaka 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia Berlin kwa saa 2:11:53 akiwa na raba ya Adidas yenye gramu 138. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mazoezi ya Jumanne. Kama hela yako inatosha jozi moja tu, nunua ya kila siku.

Ukishanunua, usiilowanishe usiku kucha kwenye sabuni ya unga, wala usiianike juu ya bati la moto au kando ya jiko. Joto huilegeza gundi na kuizeesha sponji. Paka maji na sabuni kidogo, sugua, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo.

Na siku ya kwanza ya kuivaa, andika tarehe kwa kalamu ya wino ndani ya ulimi. Yangu inasomeka mwezi wa tano. Juzi nilijumlisha kilomita kwenye daftari, zikafika 610, na kisigino cha kulia kimeanza kuota mikunjo. Jumatatu ijayo inakuwa ya kuendea sokoni.